Mkaguru Aliyenyamaza Hadi Tabora

Paulina binti Lazaro alizaliwa na maswali. Watoto wengine wa Mamboya, milimani kwa Wakaguru, ndege ikipita angani waliikimbilia kwa kelele mpaka ikapotea nyuma ya kilima. Yeye alisimama palepale, kiganja juu ya macho, kisha akamgeukia mtu mzima aliyekuwa karibu na kumuuliza kama watu waliomo mle wanatuona. Mama yake, Magreti, alimjibu kwamba wanatuona. Mwalimu wa shule ya misheni akasema hawatuoni. Mchungaji akasema anayetuona ni Mungu, na shamba linangoja. Majibu matatu kwa swali moja. Sasa mtoto wa namna ile ungemtuliza na nini?

Lazaro, baba yake, alifanya kazi ya njia ya reli, na Paulina alipokuwa mkubwa kidogo familia nzima ikashuka kutoka milimani ikahamia Magomeni, pale Kilosa mjini. Jirani yao alikuwa Mzee Maganga, Mnyamwezi wa Tabora, mfanyakazi mwenzake Lazaro. Hapo ndipo yalipoanzia mambo yote ninayotaka kuyasimulia, kwa hiyo tusiyaruke.

Wakaguru na Wanyamwezi ni watani. Utani huo ni wa tangu enzi za misafara, Wanyamwezi walipokuwa wakipita kwa miguu katika nchi ya Wakaguru, mizigo kichwani, wakienda pwani na kurudi. Walipewa maji, walilala, walizikana njiani, na matusi ya kirafiki yakabaki kuwa undugu wao. Kila asubuhi Mzee Maganga alisimama kwenye ua wa Lazaro akaita, "Nyie Wakaguru mmekwisha amka, au bado mnaogopa kushuka mlimani?" Na kutoka ndani lazima mtu amjibu. Siku ambayo Paulina aliona uvivu akanyamaza, mama yake alimfinya sikio. "Mtani akikutania, mjibu," alimwambia. "Mtani asiyejibiwa ni mtu uliyemtupa."

Halafu Lazaro akafa, ghafla, kwa homa. Siku ya mazishi Mzee Maganga aliruka ndani ya kaburi kabla ya jeneza kushushwa, akajilaza humo akidai kwamba kaburi ni zuri mno kwa Mkaguru na hatoki mpaka apewe kuku. Watu walicheka huku machozi yakiwatoka, wakamtolea kuku, akatoka. Kisha akamjia Paulina, aliyekuwa amekauka kama kijiti tangu asubuhi bila kulia wala kusema, akamwambia, "Baba yako ametoroka zamu." Akasimama anangoja. Wote wakangoja. Mtoto akafuta pua, akasema, "Amechoka kuifanya na ya kwako." Baada ya maneno hayo ndipo alipoweza kulia, na Mzee Maganga ndiye aliyemshika. Tangu siku ile Paulina hakuacha mtani apite bila jibu, awe mkubwa wake au mdogo wake, sokoni, stesheni au kanisani mlangoni.

Alipomaliza kidato cha nne huko Morogoro, akapata kazi ya kuhudumia mezani katika hoteli ya mbugani Mikumi. Wenzake waliipenda kazi ile kwa sababu sukari haikukosekana, na miaka ile sukari ilikuwa jambo la kwenda kulipangia foleni. Paulina aliipenda kwa sababu ya kiwanja cha ndege.

Kiwanja chenyewe usikifikirie cha lami na taa. Ulikuwa ukanda mrefu uliofyekwa majani, na nyumbu waliupenda kuliko marubani walivyoupenda, maana majani mafupi hayamfichi simba. Ndege ndogo ya wageni ikisikika tu, lazima gari litangulie kuwaondoa. Dereva, Beda, aliendesha akipiga honi, na mtu wa pili alisimama nyuma akigonga debe. Kugonga debe haikuwa kazi ya mhudumu wa mezani hata kidogo, lakini Paulina aliiomba mpaka wakachoka kumkatalia. Nyumbu wakishatawanyika na pundamilia nyuma yao, ndege inashuka, na rubani kabla hajavua miwani anamkuta msichana mwenye aproni amesimama chini ya bawa. Kwa nini umezunguka mara mbili? Upepo unaujuaje unatoka wapi? Na mtu je, kutoka juu anaonekana? Rubani mmoja alimjibu kwamba angekuwa anatafuta watu angekwisha gonga nyumbu siku nyingi.

Basi siku moja akaja mgeni Mtanzania, tena mwanamke, jambo ambalo pale hotelini halikutokea kila wiki. Jina lake Filomena. Alikuwa mhudumu katika ndege za Jumuiya ya Afrika Mashariki na alikuja kupumzika. Paulina alipojua hivyo, alimpelekea chai, akaweka kikombe, akaweka maziwa, akaweka sukari, akabaki amesimama na sinia tupu.

"Una swali," Filomena akasema.

"Shikamoo dada. Ninayo mengi."

"Marahaba. Anza na moja."

"Kazi yenu mtu anaianzaje?"

Filomena hakumcheka. Alimtazama kuanzia viatu hadi nywele, kama watu wa kazi wanavyotazamana. "Kwanza wanakupima," akasema. "Kimo, kwa sababu mizigo inawekwa juu ya vichwa vya watu. Macho. Meno. Wanakisikiliza Kiingereza chako, na Kiswahili chako vilevile, usidhani Kiswahili ni cha bure. Wanakuuliza mambo ya kukushtukiza waone kama akili yako inasimama au inakimbia. Ukipita, unaingia darasani."

"Kujifunza kumimina chai?"

"Chai ni kitu kidogo. Unajifunza kufungua mlango wakati moshi umejaa na huoni mkono wako. Unajifunza kumsaidia mama anayejifungua. Unajifunza kumkalisha mwanamume mzima anayetaka kushuka wakati mko juu ya mawingu. Chai ni ya kuwafanya watu wakuzoee, ili siku ya tatizo wakusikilize."

Jambo hilo lilimwingia Paulina kweli. Alikuwa ameshika sinia kwa mwaka mzima na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba sinia lina maana nyuma yake.

"Na lililo gumu kuliko yote?"

"Abiria atakutukana," Filomena akasema. "Kachelewa, kakasirika, anaogopa kupaa na hataki ijulikane, basi hasira zote anakumwagia wewe. Nawe unasema, samahani ndugu, unatabasamu. Ukimjibu, kazi umejifukuza mwenyewe. Wewe una mdomo?"

Beda alikuwa anakunywa chai yake mlangoni. "Anao," akasema, "na mwingine wa akiba."

Paulina alimtupia jicho, akarudi kwa mgeni. Lilibaki swali lake la zamani, akaliuliza kwa sauti ya chini: mkiwa juu, watu wa chini mnawaona? Filomena akafikiri, akashangaa mwenyewe. Tangu aanze kazi, akasema, hajawahi kupata nafasi ya kuchungulia.

Haukupita muda Jumuiya ikavunjika, ndege zikagawanyika kama mali ya marehemu, na nchi ikaanza kuwa na ndege zake. Redio ikatangaza kwamba wanatakiwa vijana wa kuhudumia abiria. Paulina aliomba ruhusa kazini, akaenda kwanza Kilosa kuaga.

Mama Magreti alisikiliza habari zote akichambua maharage. Alikuwa na maswali yake, maana udadisi ule haukuokotwa njiani. Ndege ikiharibika inaegeshwa wapi? Nguo mnayovaa inapita goti? Aliporidhika na goti, ingawa si na maegesho, akasema, "Kimo unacho, na meno unayo. Mimi naogopa ulimi tu, na huo niliunoa mwenyewe." Akamwombea. Alipokuwa anamsindikiza nje akamshika mkono. "Ukifika huko juu ukanitazamie kama wanatuona. Mwaka ule nilikujibu kwa kuwa ulikuwa unang'ang'ania, sikuwa najua."

Usaili ulifanyika Dar es Salaam katika chumba kikubwa. Vilipangwa viti safu mbili na njia katikati, kama ndani ya ndege. Watahini walikuwa watatu. Paulina akawaamkia mmoja mmoja, shikamoo, shikamoo, shikamoo, akaona mkubwa wao, mzee mwenye mvi na suti ya mikono mifupi, ametabasamu kidogo kwa hilo. Walimpima, wakamsikiliza kwa lugha zote mbili, wakamuuliza angefanya nini mtoto akimeza sarafu. Alijibu yote. Mwishowe wakampa sinia lenye vikombe vya chai apite katikati ya viti, na yule mzee akaenda kukaa kwenye kiti cha nyuma awe abiria.

"Mimi naitwa Samweli Mihayo," akasema. "Natoka Tabora. Hii chai kaipika nani? Wewe? Fomu yako si inasema wewe ni Mkaguru wa Mamboya? Ndiyo maana inanuka moshi. Watu wa mlimani mtajua lini chai."

Ndugu msomaji, maneno ya Filomena yote alikuwa nayo. Alikuwa ameyarudia garini kutoka Kilosa mpaka Dar. Lakini alichokisikia pale hakikuwa tusi la abiria. Alisikia Mnyamwezi amesimama uani anaita kama kuna mtu nyumbani.

"Baba," Paulina akasema, kwa sauti tamu kabisa, "ulimi uliolelewa na asali ya mizinga ya kwenu Tabora utaijuaje chai? Kunywa taratibu, usije ukalamba na kikombe."

Mama mmoja mtahini aliweka kalamu yake mezani. Ndipo Paulina akajua alichokifanya, ila sinia halikutikisika. Bwana Mihayo alikuwa amefumba mdomo kwa nguvu zote, na mashavu yalikuwa yanamcheza. Alipoweza kusema, alisema kama mtu wa ofisi.

"Ndugu Paulina. Ndani ya ndege hakuna mtani. Kuna abiria. Leo nimekutania mimi, kesho atakutukana mtu ambaye si mtani wako wala wa babu yako. Ulimi wako utajuaje tofauti?"

Paulina akavipanga upya vikombe kwenye sinia.

Yule mama alikuwa tayari kuita jina linalofuata. Bwana Mihayo akamzuia. Akasema mengine yote msichana huyu ameyaweza, na sinia halikutikisika hata alipojua amekosea. "Aingie darasani. Mdomo wake nitaupima mwenyewe, hewani, katika safari yake ya kwanza. Akinijibu neno moja ndani ya ndege, anarudi Mikumi kwa nyumbu wake."

Darasani Paulina alikuwa kero kwa walimu na furaha kwa wenzake. Kila kitu alitaka kujua sababu. Kwa nini mlango unafunguka kwa nje? Kwa nini mtu avae kwanza kifuniko chake cha hewa ndipo amvishe mtoto, huo si uchoyo? Mwalimu akamweleza kwamba ukizimia wewe mtoto hana wa kumvisha, naye akaliwaza jambo hilo siku nzima, akaona ni kweli. Alijifunza kutembea na sinia sakafu ikiwa imeinama. Alijifunza kumsogezea mtu mfuko wa kutapikia bila kumtia aibu mbele ya jirani yake. Na kila jioni alijizoeza samahani ndugu mbele ya kioo, mpaka wenzake wa chumbani wakamwomba apumzike.

Safari yenyewe ikapangwa: Dar es Salaam kwenda Tabora. Mhudumu mkuu alikuwa Filomena, ambaye naye alikuwa amehamia shirika jipya. Abiria wakapanda, na wa mwisho kupanda alikuwa Bwana Mihayo na begi lake, anakwenda kwao likizo, ameamua kuunganisha likizo na mtihani. Akakaa dirishani.

"Huyu Mkaguru mmemtoa mlimani mkamfungia humu," akasema kabla mkanda haujafungwa, "hatatutapikia?"

"Karibu sana, ndugu. Naomba nikusaidie mkanda."

Ndege ikapaa. Tumbo la Paulina likabaki chini, likamfuata baadaye, naye akalipenda jambo lile hapohapo. Chai ikaanza kugawiwa, na Bwana Mihayo akaanza kazi. Chai inanuka moshi. Kikombe kidogo, Wakaguru kwa ubahili tunawajua. Anatembea kama anatafuta mawe ya kukanyaga. Kila neno lilikuwa na jibu lake, jibu zuri, limeiva, na kila mara Paulina alilimeza akasema samahani ndugu. Mama mmoja wa kiti cha pili akamshika mkono akamnong'oneza, "Pole mwanangu. Wazee wengine hawana haya." Paulina akashindwa hata kumweleza kwamba mzee hana kosa.

Walipokuwa katikati ya safari, Bwana Mihayo akabisha kwenye kioo kwa kidole. "Ndugu mhudumu, nchi gani hii ya vilima vilivyokunjamana? Nasikia wenyewe huotesha mawe."

Paulina aliinama na birika mkononi, akatazama kupitia bega la mzee. Ilikuwa milima ya kwao. Aliijua kwa barabara ilivyojipinda na kwa bati la misheni lililometa mara moja. Mashamba yalikuwa madogo kama viraka vya shuka. Moshi mmoja mwembamba ulisimama. Alitafuta mtu, akatafuta sana, hakuona hata mmoja. Na bado alijua pasi na shaka kwamba huko chini kuna mtoto amesimama, kiganja juu ya macho, anauliza. Angetoa chochote amwambie mtu jambo hilo, na mtu pekee wa karibu ambaye angelielewa ni mtani.

"Samahani, ndugu," akasema. "Nikuongezee chai?"

Bwana Mihayo alimwangalia kidogo. Sauti yake ilipotoka ilikuwa imeshuka. "Baba yako nasikia alikuwa mtu wa reli. Mbona hakukufundisha kazi ya ardhini? Au alitoroka zamu mapema?"

Mzee wa watu hakujua ameshika nini. Ni utani wa kawaida wa watu wa reli, kila Mnyamwezi aliyewahi kuishi karibu na stesheni anao. Lakini Paulina aliona ua wa Magomeni, akaona kaburi, akamwona Mzee Maganga amesimama anangoja, na watu wote wanangoja. Jibu lilipanda mpaka kwenye meno. Akalishika birika kwa mikono miwili. Nyuma yake Filomena alisimama bila kupumua.

"Samahani, ndugu," Paulina akasema.

Bwana Mihayo akageukia dirishani. Kikombe chake kilipoa mbele yake, na aliporudi kukichukua Paulina aliona amejikunyata kidogo, kama mzee aliyebisha hodi mahali akakuta kimya. Mtu anaweza kuwa mtahini na bado akaumia. Naye Paulina aliumia, kwa kuwa alijua amefaulu, na alijisikia kama mtu aliyeondoka mazishini kabla ya kuzika.

Wakatua Tabora. Abiria wakashuka, yule mama akimpa pole kwa mara ya mwisho. Bwana Mihayo akashuka nyuma ya wote. Mlangoni Paulina alimwambia ahsante kwa kusafiri nasi, karibu tena. Yeye akaitikia kwa kichwa, akashuka ngazi na begi lake taratibu.

"Dada Filomena," Paulina akauliza, "abiria wote wameshashuka?"

"Wote."

"Kwa hiyo safari imekwisha."

"Imekwisha, na umefaulu. Unalia nini sasa?"

Paulina alikuwa ameshafika katikati ya ngazi. Kofia ya sare aliishika mkononi. Alipokanyaga chini, akakanyaga na mguu wa pili ili kuwa na hakika, akaita kwa sauti iliyowageuza hata wapakuaji wa mizigo.

"Mnyamwezi wewe, simama hapohapo."

Bwana Mihayo akasimama.

"Babu zako walipita kwetu kwa miguu, wamebeba mizigo ya watu, wanaomba maji. Leo Mkaguru amekubeba wewe mpaka mlangoni kwenu, amekunywesha chai njia nzima, umekaa tu, na bado unalalamika. Na baba yangu hakutoroka zamu. Alichoka kufanya na ya kwenu. Hiyo nimekuwekea tangu mlimani."

Mzee aliweka begi chini. Kwanza akacheka, kicheko kilichoanzia tumboni, kisha akatoa leso akajifuta macho, na kuyafuta kulichukua muda.

"Mwanangu," akasema, "nilidhani umenitupa."

"Si ulisema ndani ya ndege hakuna mtani? Nimengoja ardhi."

Wakasimama hivyo, upepo wa Tabora unawapiga vumbi. Paulina akamweleza kwamba kutoka juu watu hawaonekani, na kwamba hata hivyo wapo. Bwana Mihayo akasema yeye pia alipokuwa mdogo aliuliza, akiwa anachunga, na hakuna aliyemjibu. Halafu akakumbuka cheo chake, akakohoa.

"Keshokutwa kuna safari ya Mwanza. Usichelewe. Sasa nisaidie begi hili, mgongo wangu si mzuri."

"Ndani ya ndege ningekubebea," Paulina akasema. "Hapa beba mwenyewe. Si ndiyo kazi mliyotujia nayo?"

Bwana Samweli Mihayo, mtahini mkuu, mtu wa suti, akaliinua begi lake, akalitwika kichwani mbele ya wapakuaji wote, akaondoka nalo kuelekea nyumbani.